Kompyuta tatu za steshenari Chake Chake: Windows 11, Linux Mint, au nibaki hivi hivi?

Mchakechake

Assalamu alaykum jamaa. Nina steshenari hapa Chake, jirani na skuli mbili. Kompyuta tatu, zote Core i5 za kizazi cha nne, RAM giga 4, mtumba wa Dubai. Zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Nimejaribu kupandisha Windows 11, nikaambiwa mashine haifai: haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ni ya zamani mno. Na mashine yenyewe haina kilema, inapiga kazi tangu asubuhi mpaka Isha.

Naona njia tatu. Ninunue mpya, lakini hiyo ni pesa ya msimu mzima wa karafuu. Au nibaki na Windows 10 kama ilivyo (na Office yangu, niseme kweli, ni ya kukraki). Au nimsikilize kijana mmoja anayenambia nitie Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, bila kulipa kitu: ni programu huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa kila mtu. Kazi zangu: barua, mitihani ya skuli, CV, fotokopi, kuskani vyeti. Nataka waliojaribu, si waliosikia.

FundiDarajani

Waalaykum salaam. Hiyo ya kubaki ifute. Steshenari ndiyo bandari ya virusi, kila flashi ya mji inatia nanga kwako. Windows isiyopata apdeti, juu yake Office ya kukraki ambayo ulizima antivirusi kwa mkono wako ili iingie. Unachapa CV na vyeti vya watu humo, yakhe.

Mint toleo la 22, chukua ile nyepesi, ya Xfce, kwa giga 4 inakwenda, na ina apdeti mpaka 2029. Usisakinishe mara moja. Iwashe kwa flashi tu, diski haiguswi, ujaribu printa, skana na waifai. Ikikukataa, chomoa flashi na Windows yako iko pale pale.

Ustadh_Kiasi

Na Office ya wizi nayo ni riziki ya namna gani? Nauliza tu.

BintiMichenzani

Msimtie mwenzetu baharini halafu mkarudi pwani. Mimi nafanya hesabu za watu mjini. Excel zenye makro ndani (amri zinazojiendesha zenyewe) hazifunguki sawasawa kwenye LibreOffice, na mteja hataki kusikia habari za programu huria, anataka karatasi yake. Mji wa Munich, Ujerumani, walihamisha kompyuta za manispaa kwenda Linux kwa miaka kadhaa, na 2017 baraza lao likaamua kurudi Windows. Wale walikuwa na bajeti na mafundi wao wenyewe. Huyu yuko peke yake Chake.

MwalimuWete

Binti, duka la kuchapa barua halina makro. Na hapo hapo Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein mwaka 2024 limeamua kompyuta zake kama 30,000 zihamie LibreOffice, kwa hivyo mfano wa Munich una mwenzake.

Mimi natunga mitihani kwa LibreOffice. Kinachosumbua ni fonti. Mwalimu anakuletea faili limeandikwa kwa Calibri, kwako Calibri haipo, kompyuta inatia nyengine yenye herufi pana, swali la mwisho linakimbilia ukurasa wa pili. Ukisambaza nakala mia mbili hiyo ni karibu nusu ramu ya karatasi imekwenda na maji. Dawa yake: sakinisha Carlito, herufi zake zina upana ule ule wa Calibri. Caladea ni ya Cambria. Liberation Sans na Liberation Serif ni za Arial na Times New Roman. Mistari inakaa mahali pake. Na faili la kuprinti tu, waombe walete PDF.

Jengine. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Menyu zote Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, hawakuhitaji kungoja kampuni iamue kama sisi ni soko la kutosha.

NyumbaYaPaje

Mie si fundi na Linux siijui, ila la kusema ninalo. Nina nyumba ya wageni, vyumba vinane. Mwaka 2019 niliuziwa programu ya bukingi, malipo kwa mwaka. Ikaja korona, ndege hakuna, wageni hakuna, nikashindwa kulipa. Mwaka ulipokwisha nafungua, naona kisanduku chekundu: lipia kwanza. Sawa, programu ni yao. Lakini majina ya wageni wangu, nani katoa amana, nani kaahirisha, yote yamo mle na sikuweza hata kuyaprinti. Nikapiga simu, nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba nilipie kwanza. Nikakaa chini na kabati la risiti, nafukua moja moja. Wengine sikuwapata. Mmoja alinitokea baadaye na risiti yake ya amana mkononi, na mie sina pa kuitazama.

Tangu hapo nikiuziwa kitu nina suala moja tu: siku nikiacha kulipa, naondoka na nini?

BintiMichenzani

Pole sana, dada. Lakini hilo ni la data, si la msimbo. Iko programu ya leseni inayokutolea data zako zote kwa dakika tano, na iko ya huria ambayo kisiwa kizima hakuna anayeijua. Ikigoma, umefungwa vile vile.

FundiDarajani

Hapo umesema. Ila ujue kisa chote cha programu huria kilianza na printa. Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta pale chuo cha MIT, Marekani, yeye na wenzake walipewa printa ya Xerox iliyokuwa inakwama karatasi kila mara. Alitaka tu aongeze mistari michache ya msimbo, ikikwama iwape taarifa watu. Akamwendea mtu aliyekuwa na msimbo wa printa ile, akanyimwa, jamaa alishaweka ahadi ya siri. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu huria. Na 2016 printa nyingi za HP zikaanza kukataa katriji zisizo za HP, watu wamezinunua kwa pesa zao, ziko mezani kwao. Kampuni ikaomba radhi baadaye.

Kituo_Mkoani

Sisi wa afya tunajaza ripoti kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Zanzibar tumo humo miaka mingi. Fomu ikibadilika hatungojei Ulaya. Intaneti ikikatika, hapo ni hadithi nyengine, na hiyo haichagui huria wala leseni.

MwanafunziSUZA

Hata picha za droni za Unguja na Pemba, ule mradi wa ramani ulioanza 2016 na Kamisheni ya Ardhi, zilitolewa wazi. Nazifungua kwa QGIS, programu huria ya ramani, kwenye laptopu yangu; leseni ya ArcGIS, ile ya kulipia, nisingeiweza.

BintiMichenzani

Na msisahau xz, 2024. Programu huria ya kubana mafaili, inatumika kwenye Linux nyingi; mtu alijifanya msaidizi miaka miwili na zaidi, kisha akapenyeza mlango wa siri. Kuwa wazi si kinga.

FundiDarajani

Aliyeugundua alikuwa Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, hakuwa hata mwenye mradi. Aliona kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde, akachimba. Angelichimba wapi kama msimbo umefungwa?

Mchakechake

Nimerudi. Nimejaribu kwa flashi ya yule kijana. Printa ndogo imekubali yenyewe, sikutia hata dereva. Mtihani wa hesabu ulinipandia ukurasa wa pili kama alivyosema Mwalimu, nikatia Carlito ukarudi. Mashine kubwa ya fotokopi inaprinti lakini skana haionekani kabisa.

Kwa hivyo mbili nazitia Mint. Ya tatu naibakisha na Windows kwa ajili ya skana, nimeitoa kwenye intaneti, na Office ya kukraki nimeifuta (Ustadh, umesikia). Mwenye kujua namna ya kuiamsha hiyo skana ndani ya Mint anambie.

FundiDarajani

Kipige picha kile kibandiko cha nyuma ya mashine, chenye modeli, ukiweke hapa.