Chaneli ya ushonaji: mgeni anafungua ukurasa, anaondoka. Niupange namna gani?

fundi_katuba

Salamu kwenu wote. Nina chaneli ya YouTube ya kufundisha kushona bikwembe (vitenge), hapa Lubumbashi. Video zimepita thelathini: kukata libaya (blauzi ya kitenge), kuweka zipu iliyofichwa, kumpima mtu kwa sentimeta, kurekebisha mashini inayoruka uzi. Kwenye takwimu za Studio, programu ya YouTube ya wenye chaneli, naona watu wanafika ukurasa wa chaneli, wanagusa video moja, basi. Wanaojisajili ni wachache mno.

Ukurasa wenyewe uko mtupu. Bango nililoweka linakatwa kwenye simu, video zinafuatana kwa tarehe tu, maelezo ni mstari mmoja. Kazi yote naifanya kwa simu, na simu iko katika Kifaransa. Naomba msaada kwa mambo matatu: vipimo vya bango, video ya kumpokea mtu asiyenijua, na lugha ya kuandikia. Wateja wangu wanaongea Kiswahili, lakini simu zao karibu zote ziko katika Kifaransa kama yangu.

rangi_na_karatasi

Ndugu fundi, tuanze na bango, maana hapo jibu ni la hesabu tupu.

Picha iwe na upana wa pikseli 2048 na urefu wa 1152, isizidi mega 6. Picha hiyo nzima inaonekana kwenye televisheni peke yake. Kompyuta inaonyesha ukanda wa katikati, na simu inaonyesha ukanda mfupi zaidi. Eneo ambalo halikatwi popote ni la katikati kabisa: 1235 kwa 338. Ukipiga hesabu, utaona ni pikseli 407 hivi za kuacha kila upande, juu, chini, kushoto na kulia. Wewe ni fundi, zihesabu kama nafasi ya mshono: kitambaa lazima kiwepo, lakini ua la kitenge huliweki pale. Jaza pembeni rangi moja au mchoro wa kitenge, maneno yote yabaki ndani.

Na maneno yawe machache. Jina la chaneli liko chini ya bango tayari, usilirudie. Andika mtu atapata nini, mfano «Jifunze kushona libaya na gauni, hatua kwa hatua». Usiandike siku za kutoa video kama huna hakika utazishika. Mgeni akisoma «kila Jumamosi» kisha akaona video ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma, anajua chaneli imelala.

Picha ya wasifu: 800 kwa 800, ya mraba, lakini YouTube inaionyesha ndani ya duara, kwa hiyo pembe nne zinapotea. Kwenye ukurasa inaonekana ndogo, pikseli 98 hivi, na kwenye maoni inapungua tena. Nembo yenye mkasi, uzi, sindano na jina zima inageuka doa. Weka uso wako karibu, nyuma kuwe na rangi moja, au kitu kimoja tu chenye umbo linalojulikana.

yaya_wa_kampemba

Bango ni sawa, ila haliwezi kuokoa ukurasa uliopangwa kwa tarehe. Kazi kubwa iko hapa chini.

Kwanza mahali pa kufanyia. Programu ya Studio ya simu inakubali kubadilisha bango, picha, jina na maelezo. Kupanga ukurasa wenyewe kunataka Studio ya kompyuta. Kama huna kompyuta, fungua Chrome ya simu, weka alama kwenye «Version pour ordinateur» (mwonekano wa kompyuta), halafu andika studio.youtube.com kwa mkono. Usiguse kiungo ulichotumiwa, kitakurudisha kwenye programu. Herufi zitakuwa ndogo sana. Laza simu, vuta kwa vidole viwili. Menyu unayoitafuta ni «Personnalisation».

Pale utaona nafasi mbili za video ya juu: moja ya watu ambao hawajajisajili, nyingine ya waliokwisha kujisajili. Jaza zote mbili, kwa video tofauti. Chini yake kuna sehemu za kuongeza, mwisho 12. Usizijaze zote. Mtu wa simu anashuka kwa kidole mara chache, akichoka anafunga. Mimi ningekupangia hivi, kutoka juu:

«Anza hapa»: orodha ya video 5 kwa mtu ambaye hajawahi kukalia mashini. Kupima mwili, kusoma vipimo, kukata, mshono ulionyooka, pindo. Kwa mpangilio huo huo.

Kisha orodha moja kwa kila nguo: libaya, gauni, suruali. Mteja hatafuti video yako ya Machi, anatafuta libaya.

Kisha «Mashini imekataa»: uzi unaruka, uzi unakatika, sindano inavunjika, kitambaa hakisogei. Hii usiipuuze. Mtu mwenye mashini iliyosimama na kikwembe cha mteja mezani anatafuta kwa haraka, na akisaidiwa anakumbuka aliyemsaidia.

Video fupi za wima ziweke mwisho kabisa. Zikiwa juu zinafunika masomo yako.

Mambo yanayoharibu: orodha ikiwa «privée» (ya siri), sehemu haitaonekana kwa wageni ingawa wewe unaiona. Ndani ya orodha panga video kwa mkono, usiache ya karibuni ijiweke mbele, maana mgeni anaona za mwanzo tu bila kusukuma pembeni. Na video zako za zamani zenye sauti mbovu usizifute. Ziweke «non répertoriée»: zinatoka kwenye ukurasa, lakini aliyehifadhi kiungo bado anazifungua. Ziondoe pia kwenye orodha zako, kwa sababu ndani ya orodha zitaendelea kuonekana.

mwalimu_wa_kamera

Kwa video ya kumpokea mgeni, wengi watakwambia urekodi utambulisho: jina langu fulani, karibuni, bonyeza kengele. Sikubaliani. Mgeni hana sababu ya kusikiliza historia ya mtu asiyemjua. Anataka kuona mikono.

Tengeneza ya sekunde 45, isizidi 60. Sekunde 5 za kwanza: libaya lililokamilika limevaliwa, mtu anageuka, mshono wa mgongoni umenyooka na maua ya kitenge yamekutana kushoto na kulia kwenye zipu. Hapo fundi yeyote atasimama, kwa sababu kukutanisha maua kwenye zipu ni kazi inayowashinda wengi. Sekunde 25 zinazofuata: vipande vifupi vya namna ulivyofanya. Chaki inachora, mkasi unapita, pini zinawekwa penye ua, mguu wa mashini unashuka. Kila kipande sekunde 3 au 4. Mwisho sema kwa sauti yako chaneli inafundisha nini na kwa nani, kisha taja orodha ya «Anza hapa». Sentensi mbili zinatosha.

Usiweke muziki wa mtu. Hata kama video haitaondolewa, mwenye haki anaweza kuidai na kuweka matangazo, na mgeni wako wa kwanza anakutana na tangazo kabla ya kukuona. Sauti ya mkasi kwenye meza inatosha.

Andika pia maneno kwenye picha. Watu wengi wanafungua wakiwa kwenye taxi-bus, sauti imezimwa.

Neno juu ya vijipicha, yaani picha ndogo ambayo mtu anaiona kabla ya kufungua video, kwa sababu ndivyo vinavyojaza ukurasa kuliko bango. Kipimo ni 1280 kwa 720, na ukibaki chini ya mega 2 hutapata shida. Kuweka kijipicha chako mwenyewe kunataka chaneli iwe imethibitishwa kwa namba ya simu, kwenye youtube.com/verify. Pembe ya chini kulia iache wazi, YouTube inabandika muda wa video pale na itafunika neno lako. Ukingo wote wa chini nao una mstari mwekundu kwa aliyewahi kuanza kutazama. Maneno 3 au 4, si zaidi, na yasirudie kichwa cha video. Kwa ushonaji, kitambaa chenye maua mengi kinapigana na herufi: piga picha ya nguo mbele ya ukuta mtupu, weka herufi juu ya ukuta, si juu ya kitenge. Na kila orodha ipe rangi yake ya ukuta. Mtu atajua suruali ni wapi kabla hajasoma.

mama_maneno

Mwanangu, juu ya lugha kuna jambo ambalo watu wa hapa kwetu wanalikosea.

YouTube inakuruhusu kuweka jina la chaneli, maelezo, na vichwa vya video kwa lugha zaidi ya moja. Lakini anachoonyeshwa mtu kinafuata lugha ya simu yake, si lugha ya mdomo wake. Kwa hiyo ukiweka kichwa cha Kiswahili na tafsiri ya Kifaransa, jirani yako wa Katuba mwenye simu ya Kifaransa ataona kichwa cha Kifaransa, atadhani somo ni la Kifaransa, atapita. Umempoteza yule yule uliyemtafuta.

Fanya hivi: lugha ya msingi ya video iwe Kiswahili. Kwenye tafsiri ya Kifaransa, anza na jina la nguo, malizia na «en swahili». Mwenye simu ya Kifaransa anaelewa mara moja kwamba somo ni la kwake. Kichwa kinakubali herufi 100, lakini simu inakata mapema, kwa hiyo neno la maana liwe mbele: «Libaya lenye zipu: kukata na kushona», si «Leo tutajifunza namna ya kukata…».

Maelezo ya chaneli yana nafasi ya herufi 1000. Mstari wa kwanza ndio unaoonekana bila kugusa. Andika unafundisha nini, kwa lugha gani, uko mji gani. Usianze na salamu pale.

Na jina la @ lifanye fupi, bila namba za ajabu. Linakubali herufi 3 hadi 30, na huwezi kulibadilisha zaidi ya mara mbili ndani ya siku 14. Lichague ukijua utalitaja kwa mdomo sokoni, mtu alisikie mara moja na kuliandika sawasawa.

fundi_katuba

Aksanti sana yaya, mama, na wote. Bango limekaa, nimeacha 407 kila upande na halikatwi tena. Orodha ya «Anza hapa» ipo. Ila video ya mgeni niliyoichagua siioni nikifungua chaneli yangu. Na kiungo cha WhatsApp nilichoweka kinafungua ukurasa wa makosa.

yaya_wa_kampemba

Huioni kwa sababu YouTube haikuchukulii wewe kama mgeni. Fungua Chrome kwa «navigation privée», bila kuingia kwenye akaunti, andika youtube.com/@ na jina lako. Hicho ndicho mgeni anachokiona. Fanya hivyo kila ukibadilisha kitu, kisha omba mtu mwenye simu ndogo akufungulie na kwake.

Kiungo cha WhatsApp: hukuondoa sifuri ya mbele au alama ya kujumlisha. Kiandikwe wa.me/243 kisha namba bila sifuri ya mbele, bila nafasi wala vistari. Namba inayoanza 09 inakuwa 2439. Kiweke cha kwanza kwenye orodha ya viungo, maana unaruhusiwa hadi 14, lakini cha kwanza ndicho kinachotokea juu ya ukurasa. Na namba iwe ya kazi, si ya nyumbani. Kila mtu duniani ataiona.