Mrejesho: mota kwenye baiskeli ya kaboni

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama fremu ya kaboni ya baiskeli yangu ya mlimani itahimili mota ya umeme. Mlionikataza mota ya kwenye gurudumu mlisema kweli: ekseli yake hujisokota pale inaposhikwa, na kaboni haivumilii msokoto huo.

Nimefunga mota ya Bafang BBSHD ya volti 48, inayokaa kwenye ekseli ya pedeli. Tundu la fremu yangu linalopitisha ekseli hiyo ni la beringi za kushindilia (zisizo na nyuzi), upana milimita 92, kipenyo 41, hivyo nilichukua mota ya upana wa 100, na fundi akachonga bushi za alumini kuziba nafasi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo; bushi ikicheza kidogo tu, inasaga kaboni. Mota ikivuta, mwili wake hujisukuma juu kwenye bomba la fremu, kwa hiyo tumeweka kipande cha mpira wa tairi kati ya mota na bomba.

Betri msiifunge kwenye skurubu za chupa. Zimewekwa kubeba maji, si kilo kadhaa zinazorukaruka. Yangu iko kwenye begi la pembetatu ndani ya fremu.

Mlima wa Ilboru, Arusha, sasa naupanda nimekaa. Kila nikiosha baiskeli namulika tochi kuzunguka bushi kutafuta ufa. Mpaka sasa pako safi.