Nimekariri mbinu zote za Kiingereza, lakini shairi likija sioni kitu

MtahiniwaF4
Hamjambo wadau. Nina orodha ya mbinu za uandishi kama arobaini hivi, kuanzia simile (tashbihi) hadi oxymoron, na zote ziko kichwani. Kasheshe ni karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Nikiona neno "like" naandika simile, mwalimu anapiga mkasi. Nikiulizwa toni ya mshairi naandika "sad" kila mara, sina neno lingine. Zimebaki wiki kumi. Na hivi vitu vya fasihi ya Kiswahili, tashbihi na wenzake, vinasaidia au vinachanganya?

Mwl_Lugha
Orodha ya arobaini ipunguze. Shika kama kumi na mbili uzijue ndani nje, nyingine zisome kwa kupitia tu.

"Like" peke yake si simile. "I like mangoes" hicho ni kitenzi, basi. "She sings like her mother" nayo si tashbihi kama mama naye ni mtu anayeimba: umelinganisha mtu na mtu, sauti na sauti. Tashbihi inataka vitu vya jinsi mbili tofauti vikutanishwe kwa sifa moja: "She sings like a rusty gate." Mtu na lango lenye kutu, sifa ni mkwaruzo. Usipoweza kuitaja ile sifa, usiandike simile.

Metaphor (sitiari) ndiyo inayopotea zaidi, kwa sababu wengi wanangoja "X is Y". Mara nyingi inajificha kwenye kitenzi. "The news burned through the village": hakuna "like", hakuna "is", lakini habari imegeuzwa moto. Pigia mstari vitenzi vya shairi kwanza, halafu uliza kila kimoja: hiki kwa kawaida hufanywa na nani? Kinachounguza ni moto. Umeipata.

Fasihi ya Kiswahili inakusaidia sana. Flashback ni mbinu rejeshi, suspense ni taharuki, personification ni tashihisi, hyperbole ni chuku, rhetorical question ni swali la balagha. Hayo unayo tangu kidato cha kwanza. Kuwa macho na takriri tu. Kwa Kiswahili inabeba marudio ya sauti, ya neno na hata ya mstari mzima. Kwa Kiingereza kila moja lina jina lake, na ukiandika "repetition" pale panapotakiwa alliteration (konsonanti moja kurudiwa mwanzoni mwa maneno) umejikosesha alama.

Sikio_la_Pwani
Naongezea la sauti, maana hapo ndipo sisi Waswahili tunaanguka. Lugha yetu inasomwa kama ilivyoandikwa. Kiingereza hapana.

Alliteration ni ya sikio, si ya herufi. "City" na "cold" zinaanza na c zote mbili na hazina alliteration hata chembe. "Phone" na "fish" zinayo. "Knee" na "night" vilevile. Vina hivyohivyo: "love" na "move" zinafanana kwa macho tu, lakini "blue", "through" na "shoe" zina kina kimoja. Ukipanga a, b, a, b bila kusoma kwa sauti utakosea.

Assonance, yaani marudio ya sauti ya irabu, ni balaa zaidi. Sisi tuna irabu tano, Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini. "Bad", "bud" na "bard" kwa sikio letu ni "bad" tatu. Kwa mtahini ni maneno matatu tofauti. Ndiyo maana kwenye karatasi ya kwanza, sehemu ya stadi za kuzungumza, watu wanaandika "ship" na "sheep" kuwa na matamshi sawa. Fungua kamusi yenye alama za matamshi na uangalie irabu, usikisie.

MtahiniwaF4
Hapo kwa "city" na "cold" nimejiona! Sasa nikishaitambua, naandika nini? Na lile la "sad"?

Mwl_Lugha
Swali la mbinu mbili likiwa na alama 4, kwa kawaida kila mbinu ina 1 ya kuitaja pamoja na mfano na 1 ya athari. Ukitaja bila kunukuu, hata ile ya kwanza iko hatarini.

Chukua mstari huu: "The kettle coughed, then sang the house awake." Personification: birika linakohoa na kuimba. Alliteration pia ipo, k ya "kettle" na c ya "coughed", sauti moja. Kwenye athari usiandike "it makes the poem interesting", hiyo haina bei. Sema kwamba birika limepewa kazi ya mtu anayeamka kwanza na kuwaamsha wengine, hivyo nyumba inaonekana ina uhai na mazoea yake. Na ile k inayojirudia inaigiza kifuniko kinavyogongagonga.

Kadi_na_Kalamu
La toni ni la msamiati. "Sad" mara nyingi ni mood, anachohisi msomaji. Tone ni msimamo wa msemaji: bitter, nostalgic, sarcastic, admiring, resigned, critical. Na usitafsiri kwa neno la kwanza la kamusi. "Resigned" hapo si kujiuzulu kazi, ni mtu aliyesema yaishe. "Critical" si mgonjwa mahututi, ni anayekosoa.

Kata kadi. Upande mmoja neno. Wa pili maana kwa Kiswahili, jamaa zake (nostalgic, nostalgia, nostalgically) na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Jamaa ni lazima, kwa sababu wengi huandika "the tone is nostalgia". Maneno manne kwa siku, siku tano kwa wiki. Yarudie siku ya pili, ya nne, ya nane, ya kumi na tano. Uliyoyakosa yanaanza upya.

MtahiniwaF4
Shukran. Swali la mwisho: irony na sarcasm ni kitu kimoja?

Mwl_Lugha
La. Sarcasm ni kejeli, kuna anayechomwa. Irony ni kinaya, na si lazima mtu aseme neno: kituo cha zimamoto kikiungua, hiyo ni irony na hakuna aliyekejeliwa.