Kuchora bila brashi: kudondosha, kulowesha au kuburuta rangi?

Mwanagenzi: Wanajamvi, salaam. Nimechora kwa brashi kwa miaka sita, na sasa nataka kuiweka kando. Njia tatu zimenivutia: ya Jackson Pollock, ambaye kuanzia mwaka 1947 alitandika kanvasi sakafuni na kuidondoshea rangi kwa vijiti, ya Helen Frankenthaler, aliyemwaga rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, na ya Gerhard Richter, aliyeburuta rangi mbichi kwa ubapa mrefu wa plastiki. Ni ipi inayomwachia mchoraji mamlaka zaidi juu ya kazi yake?

Mkaazi wa Pwani: Ndugu Mwanagenzi, mimi nampa Pollock nafasi ya kwanza, kwa kuwa rangi nzito ikishuka kutoka kijitini hutoa uzi usiokatika, unaonenepa mkono ukipunguza mwendo na kukonda mkono ukiharakisha, hata mtazamaji akaweza kuufuata mwili wa mchoraji ulivyosogea. Katika mchoro wake uitwao Number 1A, 1948 aliacha pia alama za viganja vyake. Isitoshe, alitumia rangi ya kopo ya kupakia nyumba, iliyo jamaa ya rangi ya mafuta inayong'aa ambayo wachoraji wetu wa Tingatinga wameizoea, kwa hiyo hutahangaika kuitafuta.

Bi Turubai: Naheshimu hoja hiyo, ila moyo wangu uko kwa Frankenthaler. Katika mchoro wake Mountains and Sea wa mwaka 1952, rangi haikukaa juu ya kitambaa bali ilizama ndani ya nyuzi, kwa sababu kanvasi haikupakwa rangi ya msingi, na ikapata wepesi wa kanga iliyofuliwa mara nyingi. Tahadhari ni moja: mafuta hula kitambaa kisicho na kinga na huacha doa linalozunguka rangi. Baadaye yeye mwenyewe alihamia akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, nami nakusihi uanze nayo.

Mzee wa Karakana: Nimejaribu kuburuta kwa mpira wa kufutia vioo. Mvuto wa kwanza ulipendeza mno: buluu ilichanika katikati, na wekundu wa chini ukachungulia kama kutu kwenye bati. Nikavuta tena kabla tabaka halijashika, na zote mbili zikageuka tope. Richter alipaka, akaburuta, akakwangua na kurudia, kwa hiyo mamlaka yake hayakuwa katika mvuto wenyewe bali katika kuamua ni lini aache. Kwa anayeanza, naona hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Mkaazi wa Pwani: Tusimsahau Kazuo Shiraga wa Gutai, kundi la wasanii wa Japani, aliyeshika kamba iliyoning'inia darini na kuchora kwa nyayo.

Mwanagenzi: Ahsanteni sana. Nitaanza na kijiti na rangi ya kopo. Bi Turubai, kipande kimoja cha kanvasi tupu nimekitenga kwa ajili ya akriliki. Je, niizimue kwa maji kiasi gani ili izame bila kusambaa ovyo?

Bi Turubai: Anza na maji kidogo, ujaribu pembeni, kisha uongeze hadi rangi ionekane upande wa nyuma wa kitambaa.