Tupeane uzoefu: watoto wa sekondari na suala la uzito

Mama wa Njiro: Wakuu, binti yangu yuko kidato cha pili. Sketi iliyoshonwa Januari haifungi tena, na chakula cha nyumbani ni kilekile: makande, ugali, ndizi, mboga. Bibi yake anafurahi, anasema mtoto ana afya. Mimi sina amani. Waliopitia hili karibuni, ila ushauri wa kumnyima chakula sitaki.

Fundi Pasua: Chunguza anachokunywa. Wangu mezani alikuwa anadonoa tu, kumbe akishuka stendi ni chipsi mayai na soda. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni vijiko 12 hivi. Bado hujahesabu chai.

Ticha Michezo, Moshi: Chipsi mnazilaumu sana, ila angalieni na miguu. Gari la shule linamchukua mtoto getini alfajiri, jioni linamshusha palepale. Jumamosi tuisheni. Kipindi changu cha michezo kikifika, mwenzangu wa hesabu anakiomba "mara moja tu", na wazazi ndio wanaompigia makofi! Wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa walau dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Nina mwanafunzi ambaye Desemba hupanda Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, kwa babu yake. Kule anakula mtori asubuhi, ndizi nyama mchana, kiburu (ndizi na maharage) usiku, na Januari anarudi mkanda umelegea. Babu anamtuma majani ya ng'ombe, anashuka bondeni na kupandisha na mzigo kichwani. Hakuna aliyempunguzia sahani.

Nesi Mstaafu: Mama, kabla ya yote apimwe uzito na urefu. Kuna hesabu ya uzito kwa urefu, BMI: usitumie kile kikomo cha 25 cha watu wazima, kwa umri wake hesabu inasomwa kwa miaka na jinsia. Wasichana wakibalehe hujaza nyonga na mapaja, hiyo ni kawaida. Na asiruke chai ya asubuhi, atakuja kufidia kwa maandazi saa nne.

Binti wa Sakina: Shikamooni. Mimi ni mtoto kama huyo mnayemjadili, ila niko kidato cha sita. Mashangazi walikuwa wananiita bonge mbele ya wageni. Nikawa sili mbele za watu, usiku najifungia na biskuti, na kilo zikazidi. Kilichosaidia ni mama kuacha kunisema na kuanza kutembea na mimi jioni, tunashika barabara ya Ngaramtoni, tukichoka tunageuza. Alikuwa anachoka yeye kwanza.

Mama wa Njiro: Marahaba mwanangu, umenigusa. Jumatatu tunaenda kupima. Soda nimeshazitoa kwenye friji, anayelalamika ni baba yao.

Fundi Pasua: Huyo naye apimwe.