IRE au Jiografia kwa anayeingia kidato cha tatu?

Mama Likoni
Assalaam aleikum. Binti yangu ameingia kidato cha tatu, na katika kundi la tatu la masomo shule inamtaka abakishe moja tu kati ya IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) na Jiografia. Kwa kuwa amehifadhi juzuu tano za Kurani chuoni (madrasa), shangazi zake wanasema IRE ni alama za bure. Mwenyewe anatamani kazi za bandarini na anaogopa kuiacha Jiografia. Yumo katika kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, litakalofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Waliopitia naomba wanishauri.

Maalim wa Kisauni
Waaleikum salaam, dada yangu. Nimefundisha IRE miaka mingi, na kauli hiyo ya alama za bure ndiyo inayowaponza wanafunzi wangu. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, karatasi mbili, kila moja alama 100. Mtoto aliyesoma mirathi chuoni anajua fika kwamba mke hupata thumuni mume akiacha watoto na robo asipoacha, lakini akitakiwa kueleza hekima ya mgao huo kwa hoja kadhaa, huandika mbili kisha huanza kurudia aliyokwisha kuyasema. Hifadhi yake itampa dalili za kutilia nguvu hoja, ila hoja zenyewe ni lazima azijenge. Tena kuna wanazuoni, akiwemo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa hapa hapa kwetu, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Nimesahihisha kazi za watoto wa Mji wa Kale ambao hawakuwa na hata mistari mitatu juu yake, nikasikitika.

Wakala wa Forodha
Mimi nilifanya Jiografia, na tangu nianze kazi bandarini Kilindini sijaulizwa na mtu nilipata gredi gani katika somo hilo. Hata hivyo sitaki kulidharau, kwa sababu lilinizoesha kusoma ramani na takwimu. Jambo la kuangalia ni kwamba katika karatasi ya kwanza swali la ramani ni la lazima, hivyo asiyependa kupima umbali kwa skeli hana pa kukimbilia.

Kijana wa Changamwe
Kwetu sisi wa CRE, elimu ya dini ya Kikristo, hadithi ni ile ile, Maalim. Nililelewa katika shule ya Jumapili nikidhani Amosi na Nehemia nimewamaliza, mpaka nilipopata alama za aibu katika mtihani wa majaribio.

Maalim wa Kisauni
Dada, kabla ya kuamua, tazameni masharti ya kozi anayoitaka kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kwa maana zipo zinazokubali somo lolote la kundi la tatu. Ikiwa na hiyo ni mojawapo, basi hofu yake ya bandari haina msingi, na libaki suala la wapi anaandika vizuri zaidi.

Mama Likoni
Nimekufahamu, Maalim. Jumamosi nitamketisha kwa saa zile zile za mtihani, asubuhi karatasi ya IRE na alasiri ya Jiografia, na shangazi zake nitawaomba wasije siku hiyo. Ukiniruhusu, ile ya IRE nitakuletea uisahihishe bila kumwonea huruma.

Maalim wa Kisauni
Ilete. Kalamu nyekundu ninayo.