Naomba ushauri: mdogo wangu aanze na hali ya hewa au aende urubani moja kwa moja?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). Anataka urubani, na ada yake mnaijua. Mzee wetu anauza dagaa. Nimemshauri aanze na chuo cha hali ya hewa, kipo hapa hapa Kigoma. Kanuna. Anasema hiyo ni kazi ya kupima mvua!

Nikamwambia hao wapima mvua ndio waliowafundisha marubani. Mwaka 1975 ndege ilianguka New York kwenye mvua ya radi. Mtafiti Ted Fujita akaeleza kuwa kuna upepo unaoshuka ghafla kutoka wingu la radi na kutawanyika ukigusa ardhi. Rubani anayetua hukutana kwanza na upepo wa mbele, ndege inanyanyuka, anapunguza nguvu ya injini. Mara upepo unageuka wa nyuma, mwendo unapungua, ndege inazama. Wataalamu wengi walimbishia mpaka rada ya Doppler, inayopima mwendo wa upepo, ilipouonyesha. Sasa marubani hufanyishwa mazoezi ya hali hiyo kwenye mashine za kuigiza urukaji. Na radi za ziwa letu hili nani asiyezijua?

Sasa wenye uzoefu: mwenye cheti cha hali ya hewa akienda urubani anapunguziwa chochote, au anaanza sifuri? Na kati ya hizo mbili, ajira ipi inapatikana haraka? Kama kuna aliyepita njia hii, PM iko wazi.